Wazee Wawili, Mtoto Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Uji wa tatu leo. Wa wimbi, umechachuka vizuri, lakini wa tatu. Mama mkwe anasimama mlangoni mpaka nimalize kikombe, kama mwalimu wa zamu. Mchana njahi, yale maharagwe meusi. Jioni njahi. Anasema njahi ndiyo huleta maziwa. Basi maziwa yamekuja na yanafika mpaka kwa shuka.

Kidonda cha upasuaji kinauma nikicheka. Sicheki sana.

Mtoto analala mchana na usiku anatuamsha mtaa wote wa Kimbo. Mama mkwe haoni shida. Anambeba na kumgombeza, "Wewe mzee, kwani huko nyumbani Mugutha sikupikii? Umekuja hadi hapa kunisumbua?" Anamwita bwanangu. Majirani wakija kuona mtoto wanamuuliza bwana wake ameamkaje, na yeye anacheka mpaka anashika kiuno. Ndiyo desturi yetu. Kijana wa kwanza ana jina la babake mume, kwa hivyo huyu ni baba mkwe, Mzee Mwaura mwenyewe, amezaliwa tena akiwa bado hai, na mama mkwe amepata mume mdogo wa kubadilisha nepi. Tangu niolewe na Kimani sijawahi kumwona huyu mama akifurahi hivi.

Kila akilitaja hilo jina nainuka na kusema kidonda kinataka nitembee. Si kidonda.

Jumanne, 4 Machi

Wacha niandike, kwa sababu sina wa kuambia.

Siku ya kujifungua damu ilikataa kusimama. Wakanirudisha thieta kupasuliwa tena. Wakatoa kizazi. Daktari alinieleza nikiwa bado na usingizi wa dawa, akarudia, akarudia tena, msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Mtoto ni mzima. Wewe ni mzima. Hakutakuwa na mwingine. Kimani ndiye aliyetia sahihi. Aliniomba tusiwaambie wazazi wake kwanza. Nilikubali haraka. Sikutaka mtu aniangalie kama sufuria iliyotoboka.

Kisha nesi akaniletea simu. Baba alikuwa anapiga tangu asubuhi.

"Mami, ni nini?" Baba huniita mami. Nimebeba jina la mama yake, Nyambura, kwa hivyo mimi ndiye mzazi wake na amenichukulia hivyo tangu nikiwa na meno ya maziwa.

Nikamwambia ni kijana. Nilisikia akipumua. Na mimi nikasema, "Baba, umezaliwa."

Sikupanga. Lilitoka tu. Alicheka mpaka akakohoa, na nikasikia ng'ombe wake nyuma, na nikashindwa kulirudisha.

Hata mtoto wa shule anajua mpango ulivyo. Kijana wa kwanza ni wa upande wa mume. Wa pili ndiye wa babake mke. Baba alikuwa wa kungoja wa pili. Hakuna wa pili. Mama alifariki, mimi ni mtoto wao wa pekee, na jina lake la Ndirangu lilikuwa linipitie mimi au lisipite popote. Saa hiyo hiyo Kimani alikuwa nje kwa veranda ya wodi akimpigia babake na kumwambia maneno yale yale.

Sasa kuna wazee wawili, na kila mmoja anajua amezaliwa. Mtoto ni mmoja.

Ijumaa, 7 Machi

Wangare amepiga. Ni jirani ya baba kule Kalimoni, ndiye humpeleka hospitali Thika kwa mashine ya kusafisha damu. Figo za baba zimechoka. Anafaa kwenda kila Jumanne na kila Ijumaa, na mwezi wa pili alikuwa amekataa. Alisema amechomwa sindano za kutosha, wacha mashine isafishe vijana. Nilienda na tumbo langu likiwa limefika puani, nikamgombeza, nikalia, nikapiga magoti. Alinipa chai. Hakuenda.

Sasa Wangare ananiambia anaenda. Tangu nijifungue hajakosa hata siku moja. Leo baba alikuwa anamngojea kwa gate akiwa amenyoa na kupaka viatu rangi.

"Ai, huyu mzee wako amekuwa kijana," Wangare akasema. "Hapa Kalimoni sisi tunamwita mtoto. Na anaitika!"

Nilisema asante. Nilikata simu. Nikaenda kukaa bafuni na kuwasha mfereji ndiyo mama mkwe asinisikie.

Nikimwambia ukweli atarudi kitandani. Nikinyamaza, Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili inakuja. Siku hiyo akina mama wa Mugutha na akina mama wa Kalimoni wanakuja kuona mtoto, na vyondo, vikapu vyao vya kusuka, na uji na nyimbo zao, na wazee wote wawili watakaa kwa nyumba moja. Mtoto ataitwa jina mbele ya watu.

Jumapili, 9 Machi

Baba amepiga baada ya kanisa.

"Habari yangu?" akauliza. "Nimeamka aje? Nimenyonya?"

Anajiulizia kupitia kwangu. Nikamwambia umenyonya. Umelala. Umemkojolea daktari wa kliniki. Akafurahi sana kusikia amemkojolea daktari. Akauliza kama analia. Nikasema unalia kama ng'ombe aliyesahauliwa. Akasema hiyo ni sauti ya kwao, babake alikuwa hivyo.

Nilikuwa nacheka na kidonda kinavuta. Kwa dakika hizo chache ilikuwa kweli. Mtoto alikuwa Ndirangu, nilikuwa nimemzaa baba yangu, na hakukuwa na mashine Thika.

Kisha Kimani akaingia na mkate, nikasema mtandao ni mbaya.

Nina hasira leo. Kila mtu anataka kuzaliwa. Mimi niliyezaa naulizwa tu kama nimekunywa uji.

Jumatano, 12 Machi

Imemwagika.

Nilikuwa namwosha mtoto. Mikono ina sabuni. Simu ikalia, nikaibonyeza kwa kiwiko na kuweka sauti ya nje, kwa sababu mimi ni mjinga. Mama mkwe alikuwa kwa kiti karibu yangu anakunja nepi.

"Mami," baba akasema, kwa sauti ya watu wote wa kwao, ile ya kuitia mtu ng'ambo ya mto. "Ndirangu mdogo anaendelea aje?"

Mama mkwe hakuinua macho. Alikunja nepi aliyokuwa nayo. Akakunja ingine. Nikamwambia baba mtoto yuko kwa maji, nitampigia.

Alipomaliza nepi zote akaziweka kwa kabati, akafunga mlango wa kabati polepole, kisha akaniuliza, "Nyambura, hii nyumba iko na wazee wangapi?"

Nilimfunga mtoto kwa taulo. Yeye hakungoja. Alikwenda jikoni. Uji ulikuja baridi, na hakusimama mlangoni.

Alhamisi, 13 Machi

Kimani ameniuliza. Sikuficha. Nilimwambia yote, simu, wodi, maneno.

Hajawahi kunipigia kelele tangu anioe. Leo alipiga. "Wewe ulifikiria nini? Buda wangu amenunua kofia mpya! Anatembea Mugutha nzima akiambia watu amerudi. Sasa nimwambie aje, eti kuna mwingine amezaliwa pale pale?"

Nikamwambia amwambie mama yake kwa nini. Amwambie kilichotolewa. Akaketi kwa kitanda na kushika kichwa. Akasema hiyo siri si yake peke yake. Nikamwambia hata baba si wangu peke yangu, ni baba mkwe wake. Tulikuwa wawili wenye haki, na hakuna kilichosaidika.

Nilijaribu. Nikasema tumpe majina yote mawili. Kimani akaniangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. "Tunaweza kuandika kumi. Lakini akiwa nje anacheza na chakula imeiva, utaita nani?"

Ni kweli. Anayeitwa kula ndiye amezaliwa. Mwingine ni maandishi tu.

Tumekubaliana. Nitaenda Kalimoni kumwambia baba kabla ya siku ya wageni. Mama mkwe amesema hatamwambia mzee wake mpaka wakati huo. Amesema akiangalia ukuta.

Hamwiti mtoto bwanangu tena nikiwa karibu. Anamwita mtoto. Nyumba iko kimya. Sikujua nitakosa zile kelele zake.

Jumatatu, 17 Machi

Kalimoni. Kimani alinitafutia gari la rafiki yake, dereva akatupeleka mimi na mtoto polepole kwa sababu ya matuta na kidonda changu. Mtoto alilala njia yote.

Nilikuwa nimejifunza maneno. Baba, nilikosea. Baba, unajua mpango. Baba, nilikuwa na dawa kichwani. Hilo la mwisho nililipenda, kwa sababu liliweka makosa kwa daktari.

Nilimkuta shambani. Shambani! Mwezi uliopita alikuwa anatembea akishika ukuta. Alikuwa anakata napier, majani ya ng'ombe, kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya mkono mmoja. Alipotuona aliweka panga chini, akafuta mikono kwa suruali, akafuta tena, akaenda kunawa kabisa kabla ya kumshika mtoto.

Hakusema jina. Alimwangalia tu kwa muda mrefu. Alimshika kidole cha mguu. Akasema ana masikio makubwa. Akanikalisha kwa kiti chake chenye mto na kwenda kunipikia chai mwenyewe, akakataa nisimame. Mikono yake imevimba mahali pa sindano. Nyumba imefagiliwa. Kuna koti kwa msumari, jeusi, si lake, limepigwa pasi. Ni la siku ya wageni.

Nilikunywa chai. Nikamwambia Kimani ni mzima. Nikamwambia mvua inakuja. Nikamwambia kila kitu kilichoko duniani isipokuwa kile kimoja.

Wakati wa kutoka akaniuliza, "Mami, uko sawa? Wewe mwenyewe?"

Nikasema niko sawa. Alinishika bega akaniangalia, kisha akanifungulia mlango wa gari.

Kimani aliniuliza nikiingia nyumbani. Nikamwambia nimemwambia. Akauliza alichukua aje. Nikasema alichukua vizuri.

Nilidhani uongo wa pili utakuwa mgumu kuliko wa kwanza. Ni rahisi.

Jumanne, 18 Machi

Uji umekuja moto. Umetiwa sukari. Mama mkwe amekaa karibu yangu, akanipaka mafuta mgongoni, akasema kuambia mzazi kitu kama hicho ni kazi ngumu na nimefanya kama mtu mzima. Amesema atamwekea baba kiti kizuri Jumamosi, karibu na dirisha.

Ningependa anitukane.

Baba ameenda kwa mashine. Wangare ametuma ujumbe.

Alhamisi, 20 Machi

Nimechukua simu. Nimeweka chini. Nimechukua tena, ikaita mara moja, nikakata. Baba akapiga mwenyewe. Nikamwambia nilibonyeza vibaya.

Wangare anasema akina mama wa Kalimoni wako tayari. Wamemsukia mtoto kiondo kidogo. Wamepata gari. Baba amewaambia watu wote wasichelewe.

Naona vile itakuwa. Wataingia wakiimba Ndirangu. Mama mkwe atanigeukia. Mzee Mwaura na kofia yake mpya hataelewa, atatabasamu kwanza, kisha ataelewa. Na baba ataona uso wa mkwe wake. Atajua mbele ya watu kwamba binti yake alimfanya mtoto wa kuchekwa. Nitakuwa nimeaibisha wazee wawili kwa siku moja.

Maziwa yamepungua. Mtoto anavuta na kulia, anavuta na kulia. Mama mkwe ameongeza njahi.

Ijumaa, 21 Machi

Sijamwambia. Mpishi wa chapati amekuja. Viti vimekuja. Sijamwambia.

Jumamosi, 22 Machi

Wameenda wote. Mtoto amelala kifuani. Wacha niandike kabla sijasahau ilivyofuatana.

Watu wa Mugutha walifika kwanza. Mzee Mwaura na kofia. Alimshika mtoto kama mtu anayeshika mayai ya jirani, akamwambia, "Karibu, mimi," na watu wakacheka. Mama mkwe alikuwa amevaa kitambaa kipya. Alinipitia na kunigusa mkono. Nilikuwa nimesimama kwa mlango wa chumba.

Kisha tukasikia wimbo kutoka barabarani. Wangare mbele, na kiondo. Akina mama nyuma wakicheza polepole na mizigo mgongoni. Baba katikati, na lile koti, anatembea mwenyewe. Walisimama kwa gate kama desturi na kuimba wafunguliwe. Walipiga ngemi za kijana, vigelegele vyote vitano, na vumbi likatulia. Nilifunga macho.

Wangare akaita, "Tumekuja kumwona Mwaura! Tufungulieni, tumemletea Mwaura uji!"

Mwaura. Wote waliitikia. Mwaura, Mwaura, mpaka gate ikafunguliwa.

Nilifungua macho nikamtafuta baba. Alikuwa ananiangalia tayari. Hakutabasamu. Aliinamisha kichwa mara moja tu, kama vile humwambia mtu shambani kwamba ameona, wacha, nitafanya.

Aliingia akasalimia wazee. Alikataa kiti cha dirishani mpaka apewe mtoto. Akamshika, akamgeukia baba yake Kimani, akasema kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto, "Mkwe wangu, mimi nimebahatika. Wewe nilikujua ukiwa mzee. Leo nimekubeba ukiwa mtoto." Nyumba yote ikaangua kicheko. Mzee Mwaura alivua kofia akajipangusa macho nayo. Baba akamwinamia mtoto na kumwambia, "Mwaura. Kua. Usisumbue mama yako."

Mama mkwe alikuwa anafikiri ni mimi niliyempanga. Alinitumia macho ya shukrani kutoka upande wa pili wa chumba. Nilikimbilia nyuma ya nyumba.

Baba alinifuata baadaye, watu wakila. Pale kwa kamba ya nguo, nepi zikiwa zimekauka. Alijishikilia kwa nguzo kwa sababu alikuwa amechoka. Nikaanza. Baba, nilikosea, baba, nilikuwa nataka...

"Mami, kwani mimi sikuoa?" akasema. "Mimi najua kijana wa kwanza ni wa nani. Nilijua siku ile ile, kwa simu."

Nikamuuliza mbona alicheka. Mbona aliitika. Mbona aliniacha.

"Ulikuwa hospitali. Ningekukatalia aje?" Alivuta pumzi. "Na nikajiuliza. Nyambura si mtu wa kuharibu mpango bure. Akinipa wa kwanza ni kwa sababu ameona hakuna wa pili." Aliangalia nepi, hakuniangalia mimi. "Walitoa?"

Niliitikia kwa kichwa. Nililia vibaya, kwa sauti, na kidonda kikauma, na sikujali nani anasikia. Alinishika kichwa kwa mikono yake yote miwili, ile iliyovimba. Baba si mtu wa kushika watu.

Amejua tangu siku ya kwanza. Alipokuwa akiuliza nimenyonya, nimelala, alikuwa anajua. Nikamuuliza kwa nini sasa alianza tena kwenda kwa mashine, na hospitali, na kunyoa.

"Ulikuwa umejifunga kwa neno lako, na mimi nikaona hutaweza kujifungua," akasema. "Hiyo si ya kumalizwa kwa simu. Ilitaka nije mwenyewe, na nisije nimebebwa kama gunia. Akina mama niliwaambia jina la kuimba tukiwa njiani. Nilihitaji nguvu ya kufika hapa." Kisha akacheka kidogo. "Na pia nilipenda. Nimekuwa mtoto wiki kadhaa. Nimekula vizuri."

Nikamwambia nitaenda ndani sasa hivi niwaambie wote, nitawaambia kilichotolewa, nitaomba jina. Mzee Mwaura ana vijana wengine, atazaliwa kwao. Baba aligeuka mkali. Alisema mtu haombi jina kwa kidonda chake. Alisema Mwaura ameshaitikiwa na watu wa pande mbili, na mtoto si godoro la kuvutwa huku na huku. Alisema inatosha.

Haitoshi. Nimeandika hivi ili niseme mahali fulani. Haitoshi, na sitajifanya imetosha.

Wangare alimsaidia kuingia gari. Akina mama walikuwa wanaimba bado. Baba hakuimba. Alikuwa ameegemeza kichwa kwa kioo.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia mama mkwe kilichotolewa. Sikumwuliza Kimani. Tulikuwa tunaosha sufuria za jana, zile kubwa za kukodi, na mimi naruhusiwa kupangusa tu.

Aliacha kuosha. Povu likashuka mpaka kwa viwiko. Nilidhani ataanza kulia au kuniombea, na nilikuwa nimejitayarishia yote mawili. Akasema, "Na nimekuosha mgongo kila siku. Kila siku, Nyambura. Hukuona mtu hapo?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimemwona yeye kama mtu wa kuogopwa peke yake.

Akauliza kama baba anajua. Nikamwambia alijua kabla ya sisi wote, na hakuna aliyempanga jana, mimi nilikuwa nimedanganya. Alichukua steelwool akasugua chini ya sufuria, mahali palipokuwa pameshatakata, muda mrefu. Kisha akasema atamwambia mzee wake, lakini polepole, na si kwa ajili ya jina. Jina limekwisha. Ni kwa ajili ya kujua tu ni mtu gani aliyembeba jana.

Kimani alikasirika kwanza. Baadaye alikuja akaketi karibu yangu, akaniegemea, na nikagundua hata yeye hajalala vizuri tangu siku ile aliposhikishwa kalamu hospitali.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Mama mkwe amerudi Mugutha, Mzee Mwaura ana kikohozi. Ameniachia uji wa siku mbili na maagizo ya wiki mbili.

Naogopa kesho. Baba alitaka nguvu za kufika kwetu, na amefika. Sasa hana cha kumtoa kitandani. Nimefikiria kumpigia nimsihi. Nimefikiria kumbeba mtoto niende nikamlilie. Kwa miezi nimekuwa nikitafuta kitu cha kumfungia baba kwa hii dunia, na nilichopata ni jina, na halikuwa langu la kutoa.

Sijapiga.

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi yote nimetembea na simu kwa mfuko wa aproni. Nimefua. Nimeanika ndani. Nimemwogesha mtoto, akanya nikimpaka mafuta, nikamwogesha tena.

Saa tano Wangare amepiga. Barabara ya Kalimoni ni matope matupu, gari lilikataa kuingia, akaenda kwa baba kumwambia leo haiwezekani. Hakumkuta. Mlango umefungwa. Akaogopa. Akaulizia, akaambiwa mzee alipita mapema na gumboots na mwavuli, akitembea kwenda kwa lami, viatu vyake vizuri vikiwa kwa karatasi mkononi. Alimpata Thika, ameshawekwa kwa mashine, amefunika miguu na sweta. Alimuuliza ni nini kilimharakisha hivyo. Baba akamwambia leo si ni Jumanne?

Hakuna mtu atakayebeba jina lake. Anajua kuliko sisi wote. Na ameenda.

Nimekaa kwa kitanda na mtoto. Ameamka, anaangalia dirisha. Nimemwita jina lake, mimi mwenyewe, kwa sauti, hakuna mtu mwingine ndani ya nyumba. Mwaura.

Hakugeuka. Bado hajui ni yeye.